Kibogoyo wa Mawe ya Mbweni

Jumapili, 7 Septemba

Nimefua nguo za Salma. Mchanga tena mifukoni. Kila Jumapili akirudi kwa baba yake ni mchanga. Sketi imekauka kwa chumvi, inasimama yenyewe.

Nilimuuliza kama kala, kalala mapema, kaoga. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikauliza walikwenda wapi. Hapo mdomo ukafunguka mpaka wali ukapoa kwenye sahani. Walikwenda kwenye mawe ya Mbweni, maji yakiwa yametoka, kuangalia viti vya pweza, wale wanyama wa mikono mitano kama nyota. Yeye na Mama Tuma.

Mama Tuma ni Tumaini, mke wa Idrisa. Ana duka la dawa huko Ununio. Mtu wa Njombe. Bahari kaiona akiwa mtu mzima, na sasa ndiye anayemfundisha bahari mwanangu.

Wana kiti cha pweza chao. Yuko kwenye kidimbwi karibu na jiwe lenye tundu. Mikono minne mizima, wa tano umekatika na unaota upya, kadogo kama ncha ya kidole. Wanampiga picha kila wakienda, waone umekua kiasi gani. Salma kampa jina Kibogoyo. "Kwa sababu na mie nimeng'oka," akanionyesha pengo, kama vile silijui. Jino lile nililing'oa mie, kwa uzi wangu wa cherehani.

Akaniuliza kama najua kwamba mkono wao ukikatika unaota mwingine. Nikasema najua.

Sikujua.

Jumanne, 9 Septemba

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo bila kuzunguka. Si wa Idrisa, huyo nilimalizana naye tangu Salma hajaanza shule. Akae na mkewe, wale, walale, wapendezane. Ni wa mtoto. Tulikubaliana vizuri tu: siku za shule kwangu Tegeta, mwisho wa wiki kwa baba yake. Lakini sikujua kwamba nimekubali kuchukua hesabu, kuchana nywele na kelele za asubuhi za soksi, mwenzangu achukue bahari.

Leo Salma kachora Kibogoyo nyuma ya daftari la Kiswahili. Pembeni yake watu wawili wameshikana mikono, mmoja mrefu. Nikauliza huyu nani. Mama Tuma. Nikasema mchoro mzuri. Nikaenda jikoni nikaosha sufuria lililokuwa safi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeacha mapazia ya mteja nusu, nikachukua bajaji hadi Mbweni. Nilitaka kuona tu. Maji yamejaa mpaka kwenye kuta za nyumba za ufukweni. Mawe hayaonekani hata moja. Nikasimama pale na viatu mkononi kama mgeni. Mie, niliyezaliwa Kunduchi!

Kurudi nikapitia kwa mama. Alicheka mpaka akakohoa. "Unakwenda mawe bila kuangalia mwezi? Umekuwa mtu wa wapi wewe?" Kasema nisubiri bamvua, mwezi ukikaribia kuandama. Maji yatatoka asubuhi, yatakwenda mbali. Kisha akauliza nakwenda kutafuta nini. Nikamwambia.

"Nyie mlikuwa mnarushiana viti vya pweza kama visahani," akasema.

Kweli. Nilishika vingapi utotoni. Sikuwahi kukitazama hata kimoja.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda. Mama alisema kweli. Maji yametoka mpaka kule kwenye mstari mweupe, mawe yote wazi, meusi, makali kama yamechongwa kwa tindo. Harufu ya mwani na kitu kama chuma. Nimeteleza mara moja nikajichuna goti. Wale wanyama weusi wa miiba mirefu wamejipanga kwenye nyufa, ukipita kivuli wanageuza miiba kukuelekea. Majongoo bahari yamelala tu. Mwanzoni sikuona kingine. Kila kitu kilikuwa rangi ya jiwe. Kisha nikaacha kutembea, nikachuchumaa, na vitu vikaanza kutokea kimoja kimoja, kama macho yanavyozoea chumba chenye giza. Wenzake Kibogoyo wembamba, wenye mikono kama mikia ya mijusi, wanajificha chini ya mawe. Mmoja wa bluu kabisa, bluu ya doti ya kanga. Nilicheka peke yangu.

Jiwe lenye tundu nimelipata. Na yeye nimempata. Mkubwa kuliko kiganja changu. Mgongo wa kijivu, vinundu vyekundu vyekundu kama pilipili mbivu, na mistari myekundu inaviunganisha. Mikono minne. Na kale kadogo, kekundu kote, kanachipua.

Nikatia mkono chini yake. Vimiguu laini, vingi, kama nyuzi zenye uhai. Vikaninyonya kidole. Alikuwa ananishika. Nikakaa naye muda mrefu kuliko nilivyopanga, jua likanichoma shingo.

Ni mzuri. Hilo ndilo lililonikasirisha. Nilitaka awe kitu cha kijinga.

Nimemhamisha. Nilimtia kwenye ndoo yenye maji ya bahari, nikaenda naye mbali kuelekea Kunduchi, nikamwacha kwenye kidimbwi kirefu nyuma ya mwamba mmoja mpana wenye umbo la kitanda. Ningeweza kuandika kwamba sijui wazo lilitoka wapi. Nilitoka nalo nyumbani. Ndiyo maana nilibeba ndoo.

Salma keshakwenda kwa baba yake. Nyumba kimya. Kesho watamtafuta.

Jumapili, 21 Septemba

Kashuka kwenye bodaboda ya baba yake macho yamevimba. Kibogoyo hayupo. Wametafuta jana, wametafuta leo. Alinikumbatia kiunoni akalia kwenye kanga yangu, na mie nikampakata kama alipokuwa mchanga, nikamwimbia, nikampikia tambi za sukari. Alilala mapajani mwangu.

Nilifurahi. Hakuna atakayesoma hapa, kwa hiyo naandika: nilifurahi sana.

Nikamwambia, tutakwenda mie na wewe. Mama atampata. Alinyanyua uso akaniangalia kama ninaweza kila kitu. Zamani alikuwa ananiangaliaga hivyo kila siku.

Kuna jambo jingine kanisimulia, na hilo limenikaa vibaya. Pale Ununio barabarani kuna Mzee Pazi, anauza makombe ya baharini na viti vya pweza vilivyokaushwa. Tumaini kaamua ndiye aliyemchukua Kibogoyo. Jana kamfuata kwenye meza yake, watu wamejaa, kamwambia wewe mwizi, unawaua wanyama mpaka wa watoto. Mzee akaapa. Watu wakacheka. Kijana mmoja akapindua beseni lake kuangalia kama yumo. Makombe yakamwagika kwenye lami.

Salma alisimulia kwa fahari. "Mama Tuma haogopi mtu."

Nikasema pengine si yeye. Akasema ni yeye, mama, ana uso wa mwizi.

Mtoto wangu ana miaka minane. Maneno hayo hakuyatoa kwangu.

Ila sababu yake kaitoa kwangu.

Jumanne, 23 Septemba

Nimempigia mwalimu nikasema Salma ana homa. Tukaenda Mbweni. Alikuwa anaruka njia nzima, kashika ndoo.

Nilijifanya natafuta. Tulianzia kwenye jiwe lenye tundu, tukazunguka. Alinifundisha: usikanyage pale mama, pana vitu vidogo. Ukigeuza jiwe lirudishe kama lilivyokuwa. Usiwatoe majini, wanasikia vibaya. Kila sentensi ina sauti ya mwanamke mwingine ndani yake. Nikavumilia, kwa sababu zawadi yangu ilikuwa mbele.

Kisha nikasema, hebu tujaribu kule. Nikamwongoza moja kwa moja. Mwamba wenye umbo la kitanda. Kidimbwi kirefu.

Hayupo.

Nikaingia maji mpaka mapajani. Nikapapasa chini ya mawe, kwenye majani, kwenye nyufa. Mwiba ukaniingia kidoleni. Hayupo, hayupo. Wana miguu, mpumbavu mie, nimeishika miguu yao kwa mkono wangu mwenyewe. Nilidhani atanisubiri kama kikombe kabatini.

Salma alikuwa kasimama juu ya mwamba, ndoo mkononi. Haruki tena.

"Mama, ulijuaje kama huku kuna kidimbwi?"

Nikasema nimebahatisha tu.

"Hukutafuta njiani. Ulikuja hapa hapa."

Nikamwambia maji yanarudi, twende. Kweli yalikuwa yanarudi. Kwenye bajaji akakaa upande wake. Karibu na nyumbani akasema, polepole, bila hasira, "Ningekuja na Mama Tuma tungempata."

Mkono wangu ulinyanyuka. Sikumpiga. Lakini ulinyanyuka, na aliuona.

Jumatano, 24 Septemba

Idrisa kapiga simu. Hapaazi sauti, ndiyo tabia yake, anaongea kama anasoma barua. Kwa nini mtoto hakwenda shule. Kwa nini mwalimu ampe pole ya homa asiyoijua. Nikasema ni mwanangu. Akasema ni wetu. Nikakata.

Kidole kimevimba kwenye mwiba. Siwezi kushika mkasi.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimempita Mzee Pazi leo, nikiwa kwenye daladala napeleka mapazia Ununio. Meza ipo pale pale. Makombe yapo, viti vya pweza kaviondoa. Wanafunzi walipita wakamwita mwizi wa Kibogoyo. Hata jina wanalijua. Alikuwa anafuta kombe kwa kitambaa, anafuta tu, hakuinua kichwa.

Mtu mzima, umri wa marehemu baba yangu.

Nikashuka kituo cha mbele. Nikakaa. Nikapanda tena nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimemaliza. Sijui kama ni kumaliza, ila nimekwenda.

Dukani kwa Tumaini. Alikuwa anahudumia mama mwenye mtoto anayekohoa. Nikasubiri kwenye benchi kama mgonjwa. Ni mwembamba kuliko ninavyomwaza. Nikiwa nyumbani kwangu namwazaga mkubwa, anajaza mlango. Ana kovu la kuungua kwenye kiwiko. Sikuwahi kumtazama karibu hivyo.

Mteja alipotoka nikasema yote bila kusalimia. Ijumaa ile, ndoo, mwamba, nilivyorudi na Salma. Alikuwa kashika katoni ya dawa za mafua. Akaiweka chini taratibu.

"Dada, unajua mie nilimwambia nini yule mzee?"

Nikasema najua.

"Nilimtukana. Mbele za watu. Mtu anayeweza kunizaa." Sauti ikamkatika. Nikadhani atalia, kumbe hasira. "Toka. Hapana, usitoke. Ngoja nifunge."

Akafunga duka mchana kweupe. Tukawa tumesimama sie wawili na feni. Nikamuuliza, maana nisingeuliza leo nisingeuliza tena: kwa nini ulianza kumpeleka kule? Kwa nini bahari? Huna watoto wa ndugu zako uwafundishe?

Akaegemea meza ya dawa.

"Alikuwa hasemi na mie. Mwaka mzima. Akitaka maji anamsubiri baba yake arudi. Nikajaribu vitabu, nikajaribu maandazi. Siku moja tumekwenda mawe, kaona kitu kwenye maji, akanivuta mkono. Ndiyo mara ya kwanza kunigusa. Sasa mie nifanye nini? Nikawa namrudisha pale pale." Akachukua funguo. "Sivijui hata vile vidudu. Nasoma kwenye simu usiku ili nisionekane mjinga."

Nilitaka kumchukia. Bado nataka. Ilikuwa rahisi zaidi.

Tukaenda kwa Mzee Pazi kwa miguu. Tulisema shikamoo pamoja kama watoto waliotumwa. Tumaini akaanza, nikamkatiza, nikasema ni mie. Nikaeleza. Kwa sauti, maana watu walikuwepo, na nilitaka wasikie. Muuza mihogo aliacha kupepea moto.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe nimekusamehe, mama. Na huyu mwenzio pia. Ila wale waliosikia na leo hawapo hapa, nitawakusanya wapi?"

Tumaini akainama akaokota vipande vya kombe vilivyokuwa bado kwenye mtaro tangu siku ile. Nami nikainama.

Tulipoachana alisema jambo moja tu: "Mtoto utamwambia wewe. Mie sitamwambia."

Jumapili, 28 Septemba

Nimemwambia. Alikuwa anakula. Hakulia. Aliuliza nilimweka kwenye maji? Nikasema ndiyo. Nilimtoa nje kwa muda gani? Nikasema alikuwa kwenye ndoo, na maji. Akauliza kwa nini.

Nikasema kwa sababu nilikuwa na wivu.

"Wa Kibogoyo?"

Nikasema wa Mama Tuma.

Akashusha kijiko. Akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hafanyagi. Akaenda kulala na taa imewaka. Nimesimama mlangoni mwake.

Kabla ya kulala alisema kitu kimoja, ameuelekea ukuta. "Mzee Pazi nilimwita mwizi."

Nikasema tutakwenda wote. Akavuta shuka.

Jumanne, 30 Septemba

Haongei. Shikamoo mama. Asante mama. Nimemaliza mama. Adabu tupu. Naijua adabu hii. Ndiyo aliyompa Tumaini mwaka mzima.

Nimeshona leo mpaka mgongo unauma.

Ijumaa, 3 Oktoba

Alitoka shule tukaenda kwa Mzee Pazi, mie na yeye. Alimpa mkono wa kulia, mwingine kashika gauni langu la kitenge kwa nyuma. Alisema samahani babu, nilisema uongo juu yako. Mzee akampa kombe dogo la rangi ya maziwa. Salma akaliangalia ndani kwanza kama kuna mwenyewe. Mzee akacheka, cheko fupi, la kwanza nililolisikia kwake.

Njiani Salma akauliza, "Ulimshika vipi?"

Nikasimama, nikamwonyesha. Kiganja chini, vidole vimekunjuka, mkono wa pili juu bila kubana.

Akafikiri. "Hivyo ni sawa."

Kisha tulipofika getini: "Jumamosi ya wiki ijayo maji yanatoka mchana. Mama Tuma kasema ukitaka unaweza kuja. Lakini usishike kitu."

Nikasema sitashika.

Jumapili, 5 Oktoba

Yuko kwa baba yake mpaka jioni. Nimemfikiria siku nzima. Wivu haujaisha. Nilidhani ukiusema unatoka kama jino. Hautoki. Umepungua makali tu, kama ukibana kitu kwa muda mrefu mpaka mkono ukafa ganzi.

Mama kauliza kama nilivipata viti vyangu vya pweza. Nikasema nilimpata mmoja, nikampoteza. Kanimenyea chungwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda Mbweni. Walikuwa wameshafika, wako mbali kwenye mawe, wameinama. Sikutaka kuwaingilia haraka. Nikakaa mchangani, viatu bado miguuni.

Niliwaangalia migongo. Tumaini kakunja suruali, Salma kashika simu ya Mama Tuma, anapiga picha majini. Wanasogea, wanasimama, wanasogea. Wamezoeana. Mmoja akinyoosha kidole mwingine haulizi wapi.

Kibogoyo hawakumpata. Salma kaniambia baadaye, kwa kifupi, kama anavyosema habari ya mtu aliyehama mtaa.

Jua lilikuwa kali. Maji yalikuwa yameanza kugeuka, vidimbwi vya mbali vinaungana kimoja kimoja. Salma akaona kitu. Nilijua kwa mabega yake kabla hajasema. Akanyoosha mgongo, akapiga kelele:

"Mama!"

Sie wawili tuliinua vichwa.

Alikuwa ametugeuzia mgongo sote wawili, anatazama majini, huwezi kujua anamwita nani. Tumaini akanitazama kutoka kule. Kisha akageuka, akashughulika na kidimbwi kingine.

Nikavua viatu. Mawe yalikuwa ya moto, nikakanyaga kwa uangalifu nilivyofundishwa, nikapita pembeni ya mwenzangu, tukasalimiana. Salma alisogea kidogo kunipa nafasi. Nikachuchumaa.

Mikono niliiweka magotini.